Walilala Shakahola, Sasa Wanataka Funguo za Kanisa

Mwezi Machi 2023 mhubiri Paul Nthenge Mackenzie alitoka kwa dhamana ya pesa. Watoto wawili walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa, wazazi wao ni wafuasi wake, na habari ilikuwa imefika polisi na mahakamani. Mtu akatoka, akaenda zake.

Mwezi uliofuata tukaanza kufukua makaburi ya wafuasi wake katika msitu wa Shakahola.

Wewe unayesoma haya ukiwa Junju, Takaungu, Vipingo au Chumani, huna haja nikusimulie. Ulihesabu maiti pamoja nasi. Tulifika 50 tukashika vichwa. Tukafika 100, tukafika 200. Tulipopita 400 wengi wetu tulikuwa tumebadilisha chaneli, tunatazama mpira.

Ndiyo, nakusema wewe. Najisema na mimi.

Sasa hebu nikuulize. Ni sheria gani iliyokosekana siku ile? Kuua ni kosa katika Kanuni za Adhabu tangu 1930. Kumnyima mtoto chakula ni kosa. Kumzuia asiende shule ni kosa. Kuzika watu kiholela msituni ni kosa. Sheria ya Watoto ya 2022 ilikuwa bado inanukia wino. Mackenzie mwenyewe hakuwa mgeni kwa polisi: mwaka 2017 alikamatwa kwa habari ya kufundisha watoto wasiende shule, mwaka 2019 akafunga kanisa lake la Malindi, akahamia porini upande wa ranchi ya Chakama na watu wakamfuata kwa mafungu, wakiuza mali zao njiani. Mwenye macho haambiwi tazama. Polisi walikuwa na macho, wana magari, wana redio za mawasiliano, wana mishahara.

Mwezi Machi 2024 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti yake na haikung'ata maneno: maofisa wa usalama wa Malindi walikuwa na taarifa, wakazembea. Taarifa zilifikishwa. Watu walikwenda vituoni. Ndugu walilia. Aliyepokea kilio alikiandika, au hakukiandika, akafunga daftari akaenda kula.

Basi serikali ilipoamka, iliamka na nini? Na fomu.

Mei 2023 Rais William Ruto aliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi. Seneti ikaunda kamati yake chini ya Seneta Danson Mungatana wa Tana River. Agosti mwaka huohuo Msajili wa Vyama akafuta usajili wa makanisa matano kwa mkupuo. Julai 2024 jopo likamkabidhi Rais ripoti yake, na ndani yake mna tume ya masuala ya dini na sheria mpya ya mashirika ya dini. Mungatana naye akapeleka Seneti Mswada wa Mashirika ya Dini. Usajili, msajili, vyama mwamvuli, hesabu za kila mwaka, adhabu kwa asiyefuata.

Yaani mlinzi amelala, wezi wamepita, watoto wamekufa. Asubuhi mlinzi anaamka na kudai ufunguo wa kila chumba.

Na wewe ulimpa makofi.

Najua ulimpa. Nilikuwepo. Ulisema wachungaji wamezidi, acha serikali iwanyooshe. Ulisema hivyo kwa sababu umechoka na vipaza sauti vya kesha, umechoka na nabii anayeuza maji kwenye chupa za soda, umechoka na mkeo kupeleka pesa za karo kwa mtu wa Mungu. Nakuelewa. Lakini hasira isikufanye umkabidhi mtu panga kabla hujajua atamkata nani.

Majuzi kwenye baraza moja huku kwetu ofisa mmoja alisimama chini ya mwembe, akatangaza kwamba kila kiongozi wa kanisa alete cheti cha usajili, orodha ya waumini na nambari zao za simu. Mama mmoja aliyejitanda leso akainua mkono. "Mheshimiwa, na sisi tunaosali Jumatano kwa mama wa jirani, watano, tuandike orodha ya nani?" Watu wakacheka. Mheshimiwa hakucheka. Alisema sheria ni sheria.

Nataka ukae na jibu hilo. Akina mama watano, chai ya rangi, mihogo, Biblia moja iliyotoka jalada, wanaombea watoto wao wapate kazi kwenye timbo la mawe au kwa wenye mkonge. Hao ndio serikali inataka kuwajua majina. Waliohamia Chakama na wake na watoto na magodoro kichwani, hao haikutaka kuwajua.

Mtu mkubwa sheria haimuumi. New Life Prayer Centre ya Mavueni ilikuwa miongoni mwa makanisa yaliyofutiwa usajili Agosti ile. Ilikwenda Mahakama Kuu na wanasheria wake, na amri ikasimamishwa. Ni haki yake na sina neno. Lakini kanisa la Junju lenye nguzo za mvinje na paa la makuti, ambalo sadaka ya Jumapili ikihesabiwa ni sarafu na mayai mawili, litamwajiri wakili gani? Litalipa mkaguzi gani wa hesabu? Mwenye jumba atajaza fomu. Mwenye makuti atafungiwa. Halafu waumini wake wataenda wapi, unadhani? Wataenda kwenye jumba. Au wataenda porini.

Wanasema, mchungaji awe na cheti cha theolojia ndipo ahubiri. Hilo si jipya. Mwanzoni mwa 2016, chini ya Mwanasheria Mkuu Githu Muigai, walileta kanuni za namna hiyo, makanisa na misikiti ikapiga kelele, zikarudishwa kabatini. Sasa zimetoka tena, zimevaa sanda ya watoto wa Shakahola ili ukizipinga uonekane huna utu.

Mimi sina ugomvi na chuo cha Biblia. Laiti wahubiri wetu wote wangepita huko, tungepona na mengi. Lakini usiniambie cheti kinazuia kaburi.

Unakumbuka Kanungu? Kusini magharibi mwa Uganda, tarehe 17 Machi 2000. Watu walijifungia kanisani, moto ukawashwa, na baada ya moto yakafukuliwa mashimo yenye maiti zaidi, mamia walikwisha. Kundi lile la Amri Kumi za Mungu lilikuwa limesajiliwa rasmi na serikali kama shirika lisilo la kiserikali. Karatasi zote zilikuwepo. Na mmoja wa viongozi wake, Dominic Kataribaabo, alikuwa padri mwenye shahada ya uzamili kutoka chuo kikuu kimoja kilichoko California. Jim Jones aliyewaua wafuasi wake zaidi ya 900 kule Guyana mwaka 1978 alikuwa na shahada na alikuwa amewekewa mikono na kanisa linaloheshimika Marekani. Cheti kilimzuia nani?

Rwanda ilifunga makanisa kwa mamia mwaka 2018, mengine kwa sababu ya kelele na vyoo, ikataka wasimamizi wa makanisa wawe na shahada. Petro mvuvi angefika Kigali angeambiwa arudi kwanza darasani. Sijui angewaachia nani nyavu.

Halafu sikia kichekesho, ijapokuwa ni cha kuliza. Hukumu ya kwanza aliyopata Mackenzie baada ya makaburi yale kufukuliwa ilikuwa ya nini? Ya mauaji? La. Mwisho wa 2023 alipatikana na hatia ya kutengeneza na kuonyesha filamu bila leseni, akapewa miezi 12. Maiti zaidi ya 400, na kitu cha kwanza serikali yetu iliweza kuthibitisha mahakamani ni kwamba hakulipia leseni.

Leseni ndiyo lugha wanayoijua. Ukizika mtoto wa watu porini, huenda wasikuone. Ukionyesha video bila kibali, umekwisha.

Na bado hujaamka? Basi sikia hili. Mwaka 2025 Mackenzie yuko rumande, jopo limekwisha kutoa ripoti, kamati ya Seneti imekwisha kutoa ripoti, mapendekezo yamejaa makabati. Kwa Binzaro, huko huko Chakama, wakafukua tena. Maiti zaidi ya 30. Upande ule ule. Pori lile lile. Kwa polisi wale wale, au wenzao waliowapokea zamu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Sisi tulionyeshwa ufa, tukaenda kupaka rangi nyumba ya jirani.

Nenda Malindi ukamuulize yule mzee niliyemwona akisubiri habari za binti yake na wajukuu. Alifumbua kinywa, kijana mwenye glavu akampitishia kijiti cha pamba ndani ya shavu, akakitia kwenye bomba, akaandika nambari. Mzee akauliza majibu lini. Akaambiwa atapigiwa simu. Maiti za kwanza zilianza kutolewa kwa jamaa mwezi Machi 2024, karibu mwaka mzima tangu kufukuliwa. Mwaka mzima mtu hajui kama amlilie mwanawe au amngoje. Kwetu Mijikenda maiti hailazwi hivyo. Kwetu matanga yana siku zake, yana watu wake, yana chakula chake, hata wanaotuudhi kwa disko lao la usiku wana mahali pao. Mzee yule hakuwa na matanga. Alikuwa na nambari.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na ya kukosa kaburi?

Sasa nigeuke nikutazame wewe, Mkristo mwenzangu, maana tumeisema serikali vya kutosha na wewe unatabasamu.

Nani alimpa Mackenzie watu? Serikali haikumpa. Walitoka makanisani mwetu. Walikuwa wamefunzwa kwetu, kwa miaka, kwamba mtumishi haulizwi. Kwamba kumuuliza mtumishi hesabu ni kumgusa mpakwa mafuta. Kwamba dawa ya hospitali ni upungufu wa imani. Kwamba ukimwona nabii anakosea, fumba macho, Mungu atamshughulikia mwenyewe. Walipofika kwa Mackenzie somo lilikuwa limekwisha, yeye alisahihisha mtihani tu.

Mtu aliyezoea kutouliza "sadaka imekwenda wapi" atauliza vipi "kwa nini mwanangu asile"?

Watu wa Beroya, Paulo alipowahubiria, walikwenda kuyachunguza Maandiko waone kama ayasemayo ni kweli. Na Matendo ya Mitume yanawasifu kwa hilo. Paulo mwenyewe! Wewe mtume wako wa Mtwapa hachunguzwi?

Na tazama vile pori lile lilivyokuwa. Mackenzie alikuwa na sheria zake. Alikuwa na walinzi wake. Alikataza shule, alikataza hospitali, alikataza vitambulisho, aliamua nani ale na nani asile, nani afe kwanza. Mnaita huo uhuru wa dini uliopita mipaka? Hapakuwa na tone la uhuru pale. Ile ilikuwa serikali. Serikali ndogo, isiyo na bunge, isiyo na mahakama, yenye mtu mmoja aliyeshika mwili na roho ya kila raia wake. Na dawa mnayoniletea ni serikali kubwa ishike roho ambayo serikali ndogo iliiponza?

Hapa ndipo wanaponinasa wenzangu. Wanasema, "Wewe ukiogopa serikali, wewe ni Mackenzie." Maana yeye naye alipiga kelele juu ya Huduma Namba, usajili wa serikali wa kila raia, mwaka 2019, akaiita alama ya mnyama. Kwa hiyo siku hizi ukiuliza data yako inalindwaje kwenye Maisha Namba iliyoirithi, unatazamwa kana kwamba utaanza kufunga kula.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Mwaka ule ule kulikuwa na Wakenya waliokataa Huduma Namba bila kumnyima mtoto uji. Jumuiya ya haki za Wanubi na wenzao walikwenda mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema shughuli isiendelee bila sheria na kanuni za kulinda taarifa za watu. Oktoba 2021 ikasema tena kadi zilitolewa kinyume cha sheria. Serikali ilishindwa kwa hoja, mchana kweupe, hakuna aliyezikwa. Huko ndiko kuidai serikali. Yule wa porini hakuwa anaidai. Alikuwa anawaficha watu ili asishindane na mtu.

Mkristo wa pwani, unayo historia ya imani isiyongoja kibali. Unaijua? Au unajua tu majina ya Krapf na Rebmann wa Rabai, ukafikiri Injili ililetwa na kulindwa na wazungu peke yao?

Kulikuwa na kijiji kikiitwa Fuladoyo, bara ya huku kwetu. Wakristo wa Kigiriama walikianzisha wenyewe, bila mmishenari wa kukaa nao. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia huko na wakapokewa. Kiongozi wao alikuwa Daudi Koi. Wenye watumwa walikasirika, na mwaka 1883 Daudi Koi akauawa. Hakuwa na stashahada. Hakuwa na cheti cha msajili. Mwenye kutoa vibali enzi zile ndiye aliyekuwa na watumwa.

Na kabla hujajiona mtakatifu, sikia na upande wa pili. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwaapisha Wagiriama wasilipe kodi ya nyumba na wasitoe vijana wao kufanyishwa kazi na Waingereza. Mekatilili akakamatwa, akapelekwa Kisii. Mwaka 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, kwa baruti. Waliona kiapo, wakaona msitu, wakaona wazee, wakaita vyote uasi. Serikali haikuwa na muda wa kutenganisha sala na siasa. Ilichoma vyote viwili. Kanisa la wakati ule lingeweza kuwasemea watu wale. Wengi wa watu wa kanisa waliona ushenzi tu, wakanyamaza. Leo kaya zetu ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, tunapiga picha nazo.

Walipolipua kaya ulisema si kanisa lako. Leo wanapigia hodi kanisa lako, utamwambia nani akusemee?

Lakini nimesema siishii kwa serikali. Kuna damu nyingine hapa Kilifi ambayo hakuna jopo lililoundwa kwa ajili yake, na mikono yetu Wakristo haiko safi.

Wazee wetu wanauawa. Ganze, Kaloleni, Magarini, kila mwaka, mapanga usiku. Kosa lao ni mvi. Kijana akiugua, mchawi ni babu. Mimba ikitoka, mchawi ni hawe, bibi yao. Na ukichimba kidogo unakuta shamba. Ardhi imepanda bei kutoka Mtwapa hadi Malindi, mnunuzi amekuja na gari jeupe, mzee anasema hauzi, na ghafla mzee amekuwa mchawi. Kuna wazee wanaoishi Kaya Godoma huko Ganze kwa sababu nyumbani kwao wangekatwakatwa na watoto waliowazaa.

Na nani anasadikisha kwamba babu ni mchawi? Zamani tulisema ni mganga. Leo mganga amevaa suti. Nabii anasimama madhabahuni Jumapili, anafumba macho, anasema naona mzee mwenye mvi, yu karibu na nyumba yenu, anazuia baraka zako. Hataji jina. Hana haja ya kutaja. Kijana anatoka kanisani anajua wa kumtafuta.

Hilo je, linahitaji mswada? Uchochezi ni kosa. Mauaji ni kosa. Kifungu kiko, kituo kiko, chifu yuko, nyumba kumi wako. Kwa nini hawaendi? Kwa sababu mzee wa Ganze hana kura nyingi na hana pesa za mafuta ya gari la polisi. Na kwa nini askofu wako hajamtaja nabii huyo kwa jina? Kwa sababu nyani haoni kundule, na kila mmoja ana chupa yake ya mafuta ya upako chini ya meza.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Serikali inayotaka kutusimamia makanisani iliingia lini kanisani kwa toba? Tunaiona ikija Jumapili na msafara, inakaa viti vya mbele, inashika kipaza sauti, inamwaga mamilioni. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alizirudisha pesa za Rais zilizotolewa katika parokia ya Soweto. Kabla yake, mwaka 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana aliwanyima wanasiasa mimbari. Wawili hao nawavulia kofia. Wewe mchungaji wa huku kwetu, mheshimiwa akija na bahasha, utairudisha? Au utampa dakika 10 za "kusalimia watu", awatukane wapinzani wake mbele ya msalaba, kisha umwekee mikono?

Julai 2025 tukasikia Rais anajenga kanisa ndani ya Ikulu. Katiba yetu, ibara ya 8, haina dini ya taifa. Mtu anayejenga kanisa uani kwake kwenye nyumba ya wananchi ndiye atakayetuundia tume ya dini. Na watu wakasema amina.

Wenzetu waliotutangulia hawakusema amina. Mwaka 1990 Askofu Alexander Muge aliambiwa na waziri, hadharani, kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikwenda. Akafa barabarani akirudi, tarehe 14 Agosti. Henry Okullu, David Gitari, Timothy Njoya, Ndingi Mwana a'Nzeki, wote walisema kwenye mimbari siku za kura ya mlolongo wakati wabunge wamefyata. Je, unadhani utawala ule ungekuwa na tume ya kutoa na kufuta vibali vya wahubiri, Muge angebaki na kibali hata wiki moja?

Hilo ndilo swali. Usipime sheria kwa mtu unayemchukia leo. Ipime kwa mtu utakayemhitaji kesho.

Wapo watakaonijibu kwa Warumi 13, kwamba mamlaka imewekwa na Mungu. Nimeisoma. Nimesoma pia kwamba mamlaka hiyo imebeba upanga kwa ajili ya mtenda mabaya. Ulikuwa wapi upanga huo Shakahola? Na nimesoma Petro na wenzake mbele ya baraza la wakubwa, walipokatazwa kufundisha, wakasema imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Biblia ni moja. Usinikatie kipande kinachomfaa mkuu wa wilaya.

Serikali kazi yake ni mwili wa mtoto: ale, aende shule, apelekwe hospitali, asipigwe, asizikwe bila jina. Ikisikia mtoto amefungiwa na njaa, iingie, hata kama mlango una msalaba, hata kama mchungaji anasali. Nitakuwa wa kwanza kuisindikiza. Ibara ya 32 inalinda imani yangu. Hainipi mtoto wa kuua. Lakini nini nihubiri, nihubiri chini ya paa gani, na akina mama watano waombe Jumatano wakiwa na orodha ama hawana, hayo hayaihusu. Ikiyagusa hayo imetoka shambani mwake imeingia kwangu.

Nasi kazi yetu ni nyumba yetu. Jumapili hii inuka. Uliza mweka hazina, mbele ya watu, sadaka ya mwaka huu imefanya nini. Mgonjwa wa kifafa akiambiwa atupe dawa, simama useme hapana, kabla hajafika nyumbani. Nabii akiona mzee mwenye mvi, muulize palepale, mzee gani, ushahidi gani, na uko tayari kuyasema hayo kituoni? Jirani yako akianza kuuza kitanda na mbuzi akakuambia anakwenda kumngoja Yesu porini, usimwombee tu umwache apande gari. Kaa naye. Mwite mjomba wake. Mwite shangazi. Nenda kituoni, na usitoke mpaka upewe nambari ya taarifa kwenye kitabu cha matukio. Wakikunyima, andika jina la aliyekunyima.

Utaniambia unaogopa. Ogopa, lakini nenda. Waliokwenda kabla ya Machi 2023 walikuwa wachache mno, wakafukuzwa mmoja mmoja. Chelewa chelewa utapata mwana si wako. Sisi tulichelewa tukapata mifuko yenye nambari.

Na wewe ofisa wa chini ya mwembe, mheshimiwa wa orodha na nambari za simu, nina barua fupi kwako. Tutaileta orodha ya akina mama watano. Tutaiandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, na umri wao, na idadi ya wajukuu wanaowalea. Lakini lete yako kwanza. Njoo Junju na majina ya maofisa waliopokea taarifa za Shakahola wakazikalia: nani, kituo gani, cheo gani, amehukumiwa nini, leo yuko wapi. Tusomee moja baada ya jingine, kwa kipaza sauti, tukiwa tumekaa chini kwenye mchanga. Hatuna haraka. Ukimaliza, tutakupa kalamu.